Uso wa Saa Kutoka Mchombe

Ilianza Jumamosi, saa nne na robo asubuhi. Muda huo nina uhakika nao, maana nilikuwa nimekaa mezani kwa mjomba, na mezani kwa mjomba saa zimejaa, ingawa ya kuaminika ni moja tu, ile ya simu yake.

Mjomba ni fundi saa pale Kibaoni, barazani kwa duka la madaftari. Zamani alikuwa anabadilisha betri na kufupisha mikanda, basi. Siku hizi anazunguka vijijini, kuanzia Sanje mpaka Mchombe, ananunua saa za mkono za zamani, zile za kutia ufunguo ambazo wazee wamezisahau makabatini. Anazisafisha, anazipa kioo kipya na mkanda wa ngozi. Halafu uso wa kila saa, yaani ile sahani ndogo yenye namba, tunaufuta na kuupaka upya. Vijana wanazipenda kweli. Mmoja anataka nyeusi yenye namba za dhahabu, mwingine anataka rangi za timu yake. Anayepaka ni mimi.

Nipo kidato cha tatu na ni mwoga wa watu. Mwalimu akinisimamisha darasani, sauti yangu inashuka mpaka tumboni na haipandi tena. Kazi ya kupaka saa nimeipenda kwa sababu unainamisha kichwa, unabana lenzi jichoni, na mteja anabaki kuangalia mistari ya nywele zangu. Hakuna anayesema, "Ongea, binti, mbona hatukusikii?"

Ila kuna jambo lilikuwa linanisumbua tangu likizo iliyopita. Mzee mmoja, mstaafu wa mashamba ya miwa, alikuwa amemuuzia mjomba saa yake. Baada ya muda akapita, akaiona kwenye boksi la kioo, sasa ina uso wa bluu. Akaishika, akaisifia, akairudisha. "Nzuri hii. Ya nani?"

"Si ndiyo ile yako, mzee wangu?" mjomba akamwambia.

Mzee akaigeuza nyuma, akakuta mkwaruzo anaoujua, akacheka mpaka akakohoa. Mjomba akacheka. Na mimi nikacheka. Lakini jioni ile niliandika kwenye daftari langu kwamba tumemchukulia mzee kitu, ila sikijui ni kitu gani, maana saa aliiuza mwenyewe na hakuonekana kusikitika.

Nilimuuliza mjomba. Mjomba hana hasira, ukimuuliza swali anaendelea kugeuza bisibisi yake. "Nyumba ukiipaka rangi umeiua? Saa ikikaa kabatini ndiyo imekufa. Mimi naifufua." Halafu akaniambia yeye ana sheria mbili. Ya kwanza, humdanganyi mnunuzi: kilichobadilishwa unamtajia chote, hata asipouliza. Ya pili, saa ya mteja ni ya mteja. Akisema ipakwe kijani, unapaka kijani, hata kama roho inakuuma.

Basi Jumamosi hiyo akaja kijana mmoja na pikipiki yake. Anafanya kazi kwenye miwa, amepewa mapumziko mafupi, na kesho yake alikuwa anakwenda Mchombe kumwona bibi yake. Akatoa saa mfukoni, imefungwa kwenye leso.

"Shikamoo, fundi. Nimeleta mgonjwa."

"Marahaba. Anaumwa nini?"

"Amekata kauli. Ilikuwa ya marehemu babu. Bibi kanipa niitengeneze, imesimama tangu mavuno."

Mjomba akafungua mfuniko wa nyuma, akapuliza. "Mashine nzima hii. Limeingia vumbi la pumba tu. Huyo bibi anaishi kwenye mashine ya kukoboa mpunga?" Halafu akaigeuza, akaona uso, akaanza kutikisika kwa kicheko. "Na huyu aliyeandika namba alikuwa amekunywa nini? Sita iko juu."

"Ndiyo hapo, fundi. Mimi nimelelewa Morogoro na mama, saa hii nilikuwa naiona kwa nadra, ila kila nikiishika nachanganyikiwa. Zifute zote. Weka za dhahabu, kama zilivyotoka kiwandani. Nataka bibi ashangae."

Mama anayeuza vitumbua jirani yetu akadakia, "Akishangaa sana, ujue na kuku anachinjwa."

Wakacheka. Mjomba akautoa uso wa saa kwa kibanio, akausukuma kwangu. Nikabana lenzi jichoni, nikachovya kitambaa kwenye mafuta ya kufutia.

Namba zilikuwa zimeandikwa kwa mkono, kwa rangi ya kijani iliyochakaa, juu ya sahani iliyogeuka njano kama jino la mzee. Saba ilikuwa na mstari tumboni. Nne ilikuwa wazi juu, kama kiti kilichopinduliwa. Nilianzia juu, pale kwenye sita. Inayofuata, mahali pa moja, ni saba. Inayofuata ni nane. Nikazunguka taratibu mpaka chini, ambako palipaswa kuwa na sita, nikakuta kumi na mbili. Mtu akikosea, anakosea sehemu moja, mbili. Huyu alikuwa amekosea duara zima, na kila mahali kwa hesabu ileile.

Ndipo nikaelewa. Kwenye saa za watu wote, mshale mfupi ukifika kwenye saba, sisi tunasema saa moja. Tumezoea, wala hatufikirii. Kwenye saa hii, mahali hapo palikuwa pameandikwa moja.

Kitambaa kilikuwa kinadondosha mafuta juu ya goti langu. Nilijua nikinyamaza, nafuta, na kijana anapeleka Mchombe saa ya dhahabu ambayo huenda bibi mwenyewe hataweza kuisoma. Na nikisema, nitakuwa nimesema mbele ya mteja.

"Mjomba."

"Mm."

"Hazijakosewa."

"Nini?"

"Namba." Nikaweka kidole pembeni ya ile moja. "Hapa ni saa moja. Hapa saa mbili. Ni saa za Kiswahili."

Mjomba akavuta lenzi yake, akaangalia. Kijana naye akainama, tukagongana vichwa kidogo. Akasema, kwa upole tu, "Sawa, dada. Lakini hata kama hazijakosewa, mimi ndiyo nimesema zifutwe."

"Hapo ana haki," mjomba akasema. "Saa ya mteja ni ya mteja."

"Kwani mteja ni nani?" nikauliza. "Ni yeye au ni bibi?"

Nilisema hivyo nikiangalia meza. Mama wa vitumbua akaacha kugeuza. "Makubwa. Kumbe anayo sauti."

Masikio yangu yakawaka moto. Mjomba hakunigombeza. Alimgeukia kijana. "Mpigie bibi yako."

"Fundi, si nimekwambia nataka kumshangaza?"

"Tukifuta kitu anachokipenda atashangaa pia. Piga."

Akapiga, akaweka sauti ya nje. Bibi alipokea kwa kupaza sauti, kama watu wa kwetu wanaotaka kuusaidia mtandao. Baada ya shikamoo na habari za kuku na habari za mguu, kijana akasema, "Bibi, ile saa ya babu, namba zake mbona ziko vibaya?"

"Ziko vibaya kwa nani?"

"Sita iko juu, bibi."

Bibi akacheka, cheko refu la mtu aliyeketi. Akatusimulia. Walikuwa wapya kwenye ndoa, wamehamia shambani msimu wa kuwinga ndege wasimalize mpunga, wanaishi kwenye kibanda. Babu alikuwa amenunua saa na anaringa nayo. Bibi hakusoma zaidi ya kuzijua namba. Kila akichungulia anaona saba, na jua linamwambia saa moja. "Nikamwambia, hiki kidude chako kinasema uongo. Umetapeliwa. Nikawa namtania kila siku, mbele za watu. Siku moja akakifungua kwa kisu, akafuta, akaandika kwa rangi ya baiskeli na bua la mpunga. Akanipa nitazame. Akasema, haya, sasa kinasema kama wewe."

"Si angegeuza mishale tu, bibi?" mjomba akauliza. Ufundi haukumwacha.

"Huyo nani? Fundi? Baba, yeye alikuwa anapeleka magunia stesheni. Hakutaka mishale yake igombane na saa ya treni."

Mjomba akatabasamu peke yake, kama mtu aliyepewa jibu la mtihani. Mimi nilikuwa nimeshaweka kitambaa chini, roho imetulia, nimeshinda. Ndipo bibi akaendelea:

"Lakini zifute. Siku hizi sizioni. Natazama naona majani tu. Mwambie fundi aniandikie kubwa, nyeusi, nijue saa ya dawa. Ila zikae palepale alipoziweka."

"Na za dhahabu, bibi?"

"Dhahabu ya nini? Niende nayo kisimani?"

Simu ikakatika. Kijana akaniangalia. Mimi nikaangalia ile saba yenye mstari tumboni, nikajua sasa natakiwa kuifuta kwa ruhusa kamili, ya mtu mwenyewe, na bado mkono haukutaka. Nilikuwa nimeitetea saa isibadilishwe, na mwenye saa anataka ibadilishwe ili aitumie. Naamini babu mwenyewe angemwambia bibi, lete hapa niziandike upya.

Mjomba akavuta kopo lake la vipuri, akachambua nyuso za saa zilizokufa, akazipima moja moja. "Huu unaingia," akasema. "Wa babu usiuguse. Tutamrudishia bibi. Akitaka kuutupa, autupe mwenyewe." Nilimmiminia chai mpya kikombeni kabla hajaomba.

Mchana kutwa nilifanya kazi hiyo moja. Nilianza kwa kuiga. Niliandika nne iliyo wazi juu, ikatoka sawasawa na ya babu, nikajivunia. Halafu nikaiangalia tena na sikupenda nilichokifanya. Bibi angepitisha kidole hapo akidhani ni mkono wa mume wake, kumbe ni wangu. Kama sheria ya mjomba ni kutomdanganya mnunuzi, itakuwaje kumdanganya mjane? Nikaifuta. Nikaandika namba zangu za shuleni, nene, nyeusi, zisizo na madoido, ila kila moja nikaipeleka mahali alipoichagua yeye. Sita juu. Moja mahali pa saba. Mjomba akapita nyuma yangu, akasema, "Hata mimi sasa nimeanza kuona ile ya kiwandani ndiyo imekosewa."

Uso wa zamani nikaulaza kwenye kiberiti kitupu, juu ya pamba.

Jumapili niliamka mapema kuliko mama. Nilivaa gauni la kanisani, nikaenda Kibaoni, nikaitia saa ufunguo na kuisogeza sikioni. Mjomba alikuwa bado anapiga mswaki kijana alipofika na pikipiki, begi limefungwa nyuma. Nikamwekea saa kiganjani. Ilikuwa saa moja, na mshale mfupi ulikuwa kwenye moja. Nikampa na kiberiti.

"Mwambie bibi," nikasema, "namba hizi nimeandika mimi. Za babu zimo humu ndani, hazijafutwa."

Pikipiki ilikuwa inanguruma. Akainamisha sikio. "Unasemaje, dada?"

Nikavuta pumzi, nikarudia kwa sauti, mpaka mama wa vitumbua akageuka. Kijana akaitikia kwa kichwa, akakiweka kiberiti mfuko wa shati na kuufunga kifungo. Nikafunika meza ya mjomba, nikaenda misa ya kwanza nikiwa na rangi nyeusi kwenye kidole gumba.