Sauti ya Kuitia Kuku

Mke wangu Syombua, marehemu, aliniachia kuku mmoja mzee, jicho moja halioni. Juzi akagoma kula. Nilimpa maji ya mshubiri, akanywa kidogo, lakini mtama hakugusa.

Jirani yangu Kaveke akachungulia juu ya ua. "Mzee Muindi, huyo sasa ni wa sufuria."

"Huyu haendi mahali."

Nikakumbuka Syombua alikuwa akiwaita kuku kwa sauti nyembamba sana. Nikaona haya, lakini nikaiga: "Kuluu, kuluu, kuluu."

Kuku akainua kichwa, akaja akichechemea, akala mkononi mwangu.

Kaveke alicheka mpaka akakaa chini. "Jumapili uje kwaya ya akina mama, tumekosa sauti ya kwanza."

Sasa namwita hivyo kila asubuhi. Mtu akipita, acheke tu. Kuku anakula.