Pikapu Iliyotulia kwa Ndizi

Eliezeri fundi ana goti la kushoto lisilokunjika vizuri, na ndilo lililomfanya fundi. Alizaliwa Marangu, na ujana wake aliumaliza akibeba mizigo ya wageni wapandao mlima, mpaka siku aliyoteleza juu kule kwenye mawe na goti likageuka. Alikaa nyumbani mwaka mzima. Kisha akashuka Moshi mjini kujifunza magari, maana alisema gari mtu anaweza kulitengeneza akiwa amelala. Namwandika kwa sababu wanaomsifu wengi hawajui alilonifanyia mimi. Tunaojua ni wachache, na mmoja wetu ni mgonjwa.

Gereji yake iko Pasua: mabati, nguzo nne, na shimo la kuingilia chini ya gari. Hashiki spana kabla hajauliza. Anauliza kama nesi wa kliniki. Lilianza lini, linauma wapi, likiwa limesimama au likitembea, likipanda au likishuka. Wateja wenye haraka wanamkimbia. Mimi nilipomwona mara ya kwanza nilisema huyu hajui kazi, ndiyo maana anataka mwenye gari amfundishe.

Niliendaje kwake, ni kwa ajili ya Digna. Digna ni mdogo wangu, tumbo moja. Figo zake zilikufa mwaka juzi. Kila Jumanne na kila Ijumaa lazima ashuke mjini kusafishwa damu kwa mashine. Akikosa siku moja miguu inavimba. Ikikaribia ya pili, pumzi inakuwa ya kuhesabu. Na sisi tunakaa Kibosho juu, ambako masika yakianza gari dogo halifiki, na bodaboda haiwezi kumbeba mtu asiye na nguvu ya kushika. Ipo pikapu aliyoniachia marehemu mume wangu, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Nilikuwa nikisema hiyo ndiyo figo ya Digna. Dereva wake ni Vedastus, mtoto wa kaka yangu, kijana mpole wa miaka thelathini na kitu.

Mwezi wa tatu pikapu ikaanza kutetemeka. Si kwenye mawe ya huku kwetu, huko kila gari linatetemeka. Ilianza tukifika lami. Vedastus akigusa mwendo wa hamsini, sakafu inavuma chini ya miguu, halafu mkono wa gia unacheza wenyewe, halafu kiti. Akipunguza inaacha. Digna alikuwa anaupakata ule mkono wake wenye mshipa waliomtengenezea wa kusafishia damu, kama mtu aliyepakata yai, na macho anafumba mpaka tufike.

Nikasema ni Vedastus, anakimbiza gari mashimoni tusipokuwamo. Nilisema nyumbani, na Jumapili baada ya misa nikasema mbele ya ukoo wote, pale nje ya kanisa, na yeye amesimama.

Tukapeleka matairi yakapimwa, hayakuwa na neno. Fundi mwingine akabadilisha krosi, kile kiungo chenye umbo la msalaba kinachoshika propela, na propela ndiyo bomba refu linalozunguka kutoka kwenye giaboksi kupeleka nguvu nyuma. Tukatulia siku chache. Wiki ya tatu krosi mpya ikawa imekwisha. Ndipo tukaambiwa twende kwa Eliezeri.

Alinisalimia shikamoo, akaniwekea kigoda, akaanza maswali yake. Vedastus alijibu mengi. Eliezeri akasema kitu kinachoanza kwenye mwendo na kuacha kwenye mwendo, hata ukibadilisha gia, ni kitu kinachozunguka nyuma ya giaboksi. Sasa ni kipi. Akaingia shimoni na lile goti lake, akafungua propela ya nyuma yote akaiweka chini. Akafunga loki za magurudumu ya mbele, akamwambia Vedastus apande waende barabara ya Arusha, gari likivutwa na mbele peke yake. Waliporudi Vedastus alikuwa anatabasamu. Ilikuwa imetulia kabisa.

"Mgonjwa tumempata," Eliezeri akasema. "Anaumwa nini, bado."

Akaizungusha ile propela huku ameshika chaki karibu yake, aone kama imepinda. Haikupinda. Akaitazama krosi, imelika upande mmoja, nayo si ya zamani. Akaja akachuchumaa mbele yangu kadiri goti lilivyomruhusu.

"Mama, tangu Krismasi gari hili limebadilishwa nini?"

"Hakuna."

"Hizi springi za nyuma ni nene sana."

"Ndivyo alivyoziacha marehemu."

Vedastus akatazama viatu vyake. Eliezeri akanitazama mimi, kisha akarudi shimoni. Akafunga krosi nyingine. Wakati wa kuondoka alimwambia Vedastus asizidi arobaini, kwa sababu krosi ikikatika mbele, ncha ya propela itaanguka ichome barabara, na gari likiwa kwenye mwendo litanyanyuliwa. Kwangu alisema neno moja tu: "Nimebadilisha kilichokufa, mama. Kilichokiua bado kimo humo."

Sasa niseme lililokuwepo. Mwezi wa kwanza nilikuwa nimeipeleka pikapu Sanya Juu, kwa mtu anayeunga springi, aniongezee bapa tatu za chuma kila upande. Getini kwetu unapita mfongo, ule mfereji wetu wa maji ya shamba, na juu yake kuna kivuko cha zege chenye ukingo. Pikapu ikijaa ndizi ilikuwa inakwaruza tumbo pale. Marehemu alikuwa anabeba nusu, anarudi kubeba nusu. Mimi nilisema sitaenda sokoni mara mbili kwa ajili ya ukingo wa zege. Vedastus aliniambia, shangazi, litanyanyuka mno nyuma. Nikamwuliza tangu lini dereva akawa mhunzi. Kwa hiyo nilipoulizwa na Eliezeri, ningesema nini, na ukoo wote ulishasikia kwamba ni Vedastus?

Jumamosi iliyofuata tulishusha ndizi sokoni. Mikungu ishirini, gari limekaa chini limetulia, na Vedastus akajisahau akafika sitini. Hakuna mtetemo, hata kidogo. Tukaziuza. Kurudi gari tupu, kabla ya kufika njia panda sakafu ikaanza kuvuma. Nilikuwa nimeona. Kwa nini, sikujua. Nilijua tu kwamba linataka uzito.

Jumanne nikamwambia Vedastus apakie mikungu kumi na miwili.

"Tunapita sokoni, shangazi?"

"Pakia."

Tukaenda hospitali na ndizi, tukarudi na ndizi. Likatulia. Ijumaa tena, zile zile. Jumanne ya pili zilikuwa zimeanza kuiva na nyuki wanatufuata. Digna, ambaye daktari alimkataza ndizi kabisa kwa sababu ya figo, aligeuka akazitazama kwenye kioo.

"Dada, mimi nimekatazwa kuzila. Wewe unanisindikiza nazo," akasema. "Sasa tukifika, zinalazwa hizi au nalazwa mimi?"

Vedastus alicheka mpaka akafuta macho. Mimi nilimwambia atazame barabara. Usingizi nilikuwa siupati. Kila nikifumba macho nasikia ule mvumo, naona propela inachoma lami na Digna yupo kiti cha katikati. Nikiamka nahesabu ndizi.

Halafu mvua ikafanya yake. Jumanne iliyofuata udongo uliporomoka ukakata barabara chini ya parokia, hakuna aliyepita. Digna akakosa mashine. Jumatano uso ukavimba, Alhamisi akalala ameketi. Siku hiyo hiyo jirani yetu alifiwa, na kina mama wa jumuiya walikuja kuomba ndizi za kupikia waombolezaji. Mimi nilikuwa ndani nampepea Digna. Waliziona kwenye pikapu, mbichi nilizokuwa nimebadilisha wiki ile, wakadhani nimeshaziandaa, wakazibeba zote wakaniombea baraka.

Ijumaa asubuhi barabara ilifunguliwa. Nikatoka na Digna mkononi, nikakuta pikapu tupu, nyuma imenyanyuka kama kuku anayetaga. Nikamwambia Vedastus tupakie mawe. Akamtazama Digna, akasema shangazi, hatuna muda wa mawe.

Tulishuka polepole. Kwenye lami akawa thelathini. Digna anavuta pumzi kwa sauti, anakohoa, anavuta tena. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Mimi ndiye niliyemwambia Vedastus aongeze. Akaongeza. Sakafu ikavuma. Nikamwambia aongeze. Mkono wa gia ukaanza kucheza, kukawa na kitu kinagonga chini yetu, ko, ko, ko, na Vedastus akaanza kupunguza bila kuniuliza. Hilo ndilo lililotuponya. Tulikuwa karibu tumesimama pale kitu kilipopasuka na bomba likapiga lami.

Digna alinishika kanga.

Vedastus alishuka, akalala kwenye maji ya barabarani, akatazama. Krosi imepasuka, propela imeanguka upande wa mbele. Nikafikiri hapa ndipo ninapompoteza mdogo wangu, kwenye bega la barabara, kwa ajili ya ukingo wa zege. Yeye akatoa spana nyuma ya kiti. Akafungua nati nne za upande wa difu, lile bonge la ekseli ya nyuma propela inapoishia, akaivuta propela, akaitupa nyuma. Akazunguka akafunga loki za mbele, akaingia, akavuta gia ile fupi ya kuvutia magurudumu ya mbele.

"Kama Eliezeri alivyofanya," akasema.

Tukaondoka kwa magurudumu ya mbele tu. Gari limetulia kama halijawahi kuugua. Digna alifikishwa kwenye mashine, na nesi akatuambia tukae nje, ni muda wa saa nne mpaka amalize. Sikukaa. Nilimwambia Vedastus anipeleke Pasua.

Eliezeri aliiona propela imelala nyuma, akajua. Hakuniuliza habari za kupona kwetu. Alivuta kile kigoda, akaniketisha, akauliza lile lile, taratibu, kana kwamba hajawahi kuniuliza.

"Mama, tangu Krismasi limebadilishwa nini?"

"Springi niliongeza mimi," nikasema. "Sanya Juu. Bapa tatu kila upande. Marehemu hakuzigusa." Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamalizia. "Na linatulia likiwa na ndizi."

Akauliza: "Ngapi?"

"Mikungu kumi na miwili."

Angenigombeza ningekuwa na la kumjibu. Hakunigombeza. Alichukua kijiti, akanichorea kwenye vumbi. Likiwa tupu, springi zinalinyanyua juu nyuma, propela inasimama kama ngazi, na krosi inalazimishwa kujikunja kila inapozunguka. Likibeba ndizi, nyuma inakaa, propela inanyooka, krosi inapumua. Akasema enzi za upagazi aliona watu wawili wakibeba kitu kimoja kwenye nguzo, mmoja ameinama na mwingine amesimama wima, na inayoumia ni ile nguzo iliyo kati yao.

"Ungeniambia siku ile, mama, ningelimaliza siku ile."

Kisha akamtazama Vedastus, akanirudia mimi, akangoja. Yule mtu anajua kungoja.

"Vedastus," nikasema. "Si mwendo wako."

"Najua, shangazi."

Akatoa bapa mbili kila upande akaacha moja. Akaweka pimamaji kwenye mdomo wa giaboksi propela inapoanzia, kisha kwenye mdomo wa difu inapoishia, akanionyesha kiputo cha hewa kilivyokimbilia pande mbili tofauti. Akakata vipande viwili vya chuma, vinene huku na vyembamba huku, kama kabari ya kupasulia kuni, akavibana kati ya springi na ekseli mpaka pua ya difu ikainuka. Akapima tena. Mara ya tatu kiputo kilikaa mahali pamoja kote kuwili. Ndipo akafunga propela, na krosi mpya. Kuhusu mfongo aliniambia nibebe nusu nirudie, au nivunje ule ukingo. Tuliporudi hospitali Digna alikuwa anamaliza, uso umeshuka, anauliza chakula.

Jumapili baada ya misa niliusimamisha ukoo pale pale nje ya kanisa. Sikusema maneno mengi. Nilisema aliyeharibu gari ni mimi na aliyelifikisha hospitali ni Vedastus, na mwenye swali aje nyumbani. Hakuja mtu.

Jumanne tulishuka gari tupu. Digna alikuwa katikati, mkono wake ameupakata kama kawaida. Tulipofika lami nilikanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, nisikilize kwa nyayo. Arobaini. Vedastus akanitupia jicho, akaongeza. Hamsini. Nilikuwa nimeshika mlango. Hamsini na tano. Chini kulikuwa na sauti ya matairi na maji tu.

Digna alifumbua macho, akasikiliza na yeye, kisha taratibu akauachia ule mkono, akaulaza mapajani.

Mimi sikuacha kukanyaga sakafu mpaka hospitali. Hata leo nakanyaga.