Mbegu za Angèle

Emérance alikuwa mshonaji wa nguo mjini Bunia, na katika mtaa wao hakukuwa na ua wenye maua kama wake. Binamu yake Angèle alipokimbia vita vya Djugu na watoto wawili, Emérance alimpokea bila kusita. Angèle hakuja na kitu ila nguo za mwilini na mbegu nyeusi, ndogo kama mchanga, alizofunga kwenye pindo la kitenge. Zilikuwa za maua ya jogoo, mekundu kama kilemba cha jogoo, yaliyokuwa yakiota mbele ya nyumba ya marehemu mama yake. Nyumba yenyewe ilikuwa imechomwa.

Angèle alizipanda zote mwezi wa sita, kando ya jiko, bila kumwambia mtu. Wiki tatu baadaye, Angèle akiwa kwenye foleni ya msaada, Emérance alitoka kutafuta mboga. Akaona miche imesongamana, akadhani ni lengalenga, mchicha wa kwao, iliyojiotea. Akaing'oa yote, akaipika na karanga. Jioni wakaila pamoja kwa bugali.

Kesho yake Angèle alisimama mbele ya udongo mtupu. Hapo ndipo Emérance alipoelewa kwamba ile mboga ilikuwa maua ya Angèle. Akajikuta anasema kwamba mbuzi wa jirani aliingia. Angèle aliitikia tu, akaenda kuchota maji.

Tangu siku hiyo Emérance hakuwa na raha. Alikosea vipimo, akashona mikono ya blauzi kinyume. Hata kumsalimia yule jirani mwenye mbuzi aliona haya. Jumapili ya pili, wakichambua maharage, akashindwa kuvumilia, akasema yote.

Angèle hakuinua uso.

"Nilijua, yaya, dada yangu. Niliona mizizi ku takataka asubuhi ile. Nilikuwa nangojea weye mwenyewe useme."

"Sasa juu ya nini ulinyamaza?"

"Niko mu nyumba yako."

Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi. Wiki hiyo hiyo Emérance alipanda pikipiki hadi Nyankunde, akaomba mbegu za maua ya jogoo kwa mama mmoja mwenye bustani. Wakazipanda pamoja. Mwezi wa kumi maua yakachanua, makubwa, mazito, lakini ya manjano. Angèle aliyamwagilia kila asubuhi na kung'oa majani yaliyokauka.

Wateja wakija kupimwa nguo huyasifu sana. Emérance hujibu asante, halafu huinamia cherehani.