Mtungi wa Wanawake

Ndama walinipenda kwa sababu ya chumvi. Nikipita zizini baada ya kulima, walinilamba mikono mpaka ngozi ikawasha, na jasho likikauka liliniachia unga mweupe shingoni. Kikohozi nacho nilizaliwa nacho. Miaka mingi baadaye daktari mmoja wa Mwanza alinieleza kwamba huu ni ugonjwa wa kurithi, kila mzazi amechangia, na hauambukizi. Alishangaa nimefikaje umri ule. Nikamwambia aandike dawa upesi, nina mihogo ya kuvuna.

Lakini miaka ile ya vijiji vya ujamaa, kwetu karibu na Morotonga, nani angejua hayo? Ukikohoa una kifua kikuu, basi. Zahanati walinipima makohozi wakakosa kitu, wakapima tena wakakosa. Watu wakasema darubini yao mbovu.

Kila alfajiri mama alinilaza kifudifudi juu ya gunia la mtama, kichwa kikining'inia, akanipiga mgongoni kwa kiganja mpaka makohozi yatoke. Hakufundishwa na mtu. Aliona tu kwamba nikilala hivyo kifua kinafunguka. Akimaliza ananikabidhi jembe. "Haya twende, usijifanye mgonjwa," anasema, utadhani mgonjwa ni jirani.

Tulilima shamba la kijiji, na siku nyingine tulilima risaga, yaani leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba anawapikia wenzake pombe ya ulezi. Kazi ikiisha wanawake walizunguka mtungi wao, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakavuta pamoja. Mimi nililima, tena mstari wangu haukubaki nyuma ya mtu, lakini pombe yangu ilimiminwa kwenye kibuyu nikanywee kando ya ghala. Iliniuma sana. Pombe yenyewe sikuwa na shida nayo. Nilitaka kukaa pale, maana pale ndipo palipozungumzwa nani anaposwa, nani kagombana na mkwewe, na wewe ulikuwa mtu au si mtu kwa kukaa pale.

Mama alikuja kando ya ghala akakaa nami, akanywa kibuyu kile kile baada yangu. Nilidhani ananionea huruma, na huruma ilikuwa imenichosha.

Nilipokuwa msichana wa kuolewa, zahanati ikapata mganga mpya. Alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema mbele ya wote kwamba mimi sina kifua kikuu na sijawahi kuwa nacho, na yeye yuko tayari kunywa nami chombo kimoja. Watu walinong'ona, lakini walisikia.

Risaga iliyofuata ilikuwa kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Tulipomaliza kupalilia, mke wa balozi akanipa mrija. "Njoo ukae hapa, mwanangu," akasema. Nikakaa. Nilifurahi mno, sifichi. Kisha nikageuka kumwita mama. Alikuwa amesimama kule ghalani na kibuyu mkononi, hasogei.

"Kwani yeye mlimfukuza lini?" nikauliza. Hasira zilikuwa zimeshanipanda.

"Hatukumfukuza," mke wa balozi akajibu taratibu. "Ulipoacha kunyonya tulimwambia, akiacha kunywa baada yako, nafasi yake ipo. Akasema basi, nafasi hiyo haitaki."

Miaka yote hiyo mama hakuwahi kunitajia. Nilisimama, nikaenda ghalani, nikamshika mkono nikamleta, nikampa mrija wangu. Wakasogea kidogo kumpa nafasi. Akakaa katikati ya wanawake walioolewa kijijini pale wakati mmoja naye, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua aongee naye nini.