Mashine Iliyokwama Kikwe

Leo ukifika karakana ya Elirehema pale Themi utakuta mafundi kumi na mmoja, na uani mashine za kusaga plastiki zimepangwa zikisubiri lori. Watu husema jamaa ana bahati. Mwenyewe akisikia hivyo hucheka, halafu anamtaja Mama Tabea wa Kikwe. Bila mama huyo, anasema, angekuwa bado anachomelea mageti.

Maana mageti ndiyo yaliyokuwa kazi yake. Miaka sita iliyopita alichukua springi chakavu za magari ya watalii, akazikata ziwe visu, akazipanga kwenye shafti, akaunganisha mota. Akaijaribu kwa chupa za maji. Ilizitafuna hizo chupa, we acha tu! Kikundi cha akina mama wa Kikwe wanaookota plastiki kikainunua, ya kwanza kabisa, na mchungaji akaja kuiombea.

Aibu ya siku hiyo, jamani, hata adui usimwombee. Watu hawajamaliza kuitikia "Amina," mashine ikakwama. Kikwe wanalima nyanya, na nyanya hufungwa kwa kamba za plastiki. Kamba hizo zilikuwa zimechanganyika na kila kitu walichookota, zikajizungusha kwenye shafti mpaka mota ikanyamaza. Na fundi wetu, kwa kutaka kuonekana hodari, alikuwa amefunga kifuniko kwa bolti kumi na mbili! Ilikwama mara saba, na mara zote saba alizifungua bolti zote huku jasho likimtoka. Mwisho mama mmoja akasema waziwazi, "Irudi ilikotoka." Mama Tabea, mwenyekiti wao, akasema tu kwamba wataliongea kesho.

Asubuhi yake Elirehema alizima simu. Aliliona jambo lilivyo: mashine ile ikirudishwa mjini juu ya pikapu, watu wakaiona, hakuna atakayenunua nyingine. Akajifunika blanketi kama mgonjwa. Mke wake, Anande, alimwekea chai mezani na mfuko wa spana mlangoni.

"Hiyo homa yako haiponi kitandani," akamwambia. "Nenda."

Akaenda. Alikaa Kikwe siku tatu, ameketi vumbini na akina mama, akichambua kamba kwa mikono na kuwatazama wanavyofanya kazi. Hawakuwa na spana, na wala haikuwa haki kuwadai wawe nazo. Basi akang'oa bolti zote, akaweka bawaba na komeo, kazi ambayo mikono yake iliijua vizuri. Kifuniko kikawa kinafunguka mara moja, na kikiinuliwa tu mota inazima. Siku ya nne walisaga mpaka saa kumi jioni bila kumwita.

Vikundi vingine vikaja kuulizia. Mama Tabea hakuwaficha kitu. "Siku ya kwanza ilikwama mara saba," aliwaambia. "Ila fundi wake anakuja." Kisongo wakaagiza mbili, Moshi wakaagiza nne, na karakana ikaanza kuajiri.

Mwezi uliopita Elirehema alipeleka Kikwe mashine mpya, kubwa, zawadi kwa kikundi. Alimkuta Mama Tabea ameketi mbele ya rundo la viroba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mama, kuna jambo linanisumbua miaka yote hii. Asubuhi ile ya pili nilizima simu. Sikutaka kuja."

"Najua," akajibu, mikono yake ikiendelea kuchambua. "Nilikupigia mara nne. Pikapu ya kuirudisha mashine ilikuwa imeshafika hapa, wenzangu wamesimama wananiangalia. Wakaniuliza, fundi anasemaje? Nikawaambia, amesema yuko njiani."

Elirehema alikuwa amejiandaa kusema asante, na maneno alikuwa nayo tangu nyumbani.  Badala yake alilia palepale mbele ya akina mama wote, wala hakujali nani anamwona.