Mkalimani Aliyedhaniwa Mtoto

Isiolo, 1984

Saa mbili asubuhi, katika chumba cha kina mama cha zahanati moja mjini, Habsa Abshir anaifunga vizuri shash yake kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia. Hicho ni kitambaa cha kichwani cha wanawake wa Kisomali walioolewa. Habsa hajaolewa. Ana miaka ishirini na minane, na kimo cha msichana wa darasa la tano.

Anazungumza Kisomali, Kiborana, Kiturkana na Kiswahili, na neno la mgonjwa likishamwingia halimtoki. Hesabu ndiyo humtoa jasho. Hata njia ya kutoka kwao mtaa wa Wabera hadi kazini ilimchukua mwezi mzima kuishika. Mwalimu wake mmoja alimwita zuzu, na hilo linamuuma hadi leo.

Daktari wa Nairobi alimpa jibu mwaka 1979: alizaliwa na upungufu katika kromosomu, vinyuzi vya mwili vinavyobeba urithi wa wazazi. Ndiyo sababu ya kimo, ya kukosa hedhi, hata ya kupotea njia.

“Nililia siku mbili,” anasema. “Halafu nikafurahi. Kumbe mimi si mjinga.”

Mwaka jana zahanati ilimchukua kuwa mkalimani, kwa majaribio ya miezi mitatu. Lakini hapa mambo ya uzazi hayasemwi mbele ya msichana. Kina mama walimwona, wakafunga midomo, wakarudi nyumbani na maumivu yao. Nesi mkuu, Kinanu, alimweleza waziwazi kwamba mkalimani asiyeambiwa kitu hana kazi.

Habsa akaazima shash ya mama yake. Wiki haikuisha kabla jirani yao mjamzito, Bisharo, hajaingia, akamtambua na kumuuliza mume yuko wapi. Habsa aliona aibu, lakini hakukimbia.

“Nikamwambia, mama, mimi sina mume. Damu ya mwezi sijawahi kuona, na sitazaa. Sasa siri yangu uko nayo. Yako utanipa?”

Bisharo akasema: alikuwa akitokwa na damu siku ya nne. Alifikishwa hospitalini mchana huohuo, na mtoto akapona. Kina mama wengine walianza kumuulizia Habsa kwa jina, na kazi ikabaki yake.

Sasa anataka kusomea unesi. Mtihani wa hesabu umemwangusha mara mbili. Novemba ataufanya tena.

“Wakinikataa nitarudi kuujaribu,” anasema. “Hawa kina mama wameshaanza kusema. Nikitoka, watamwambia nani?”