Mume Wangu kwenye Ukuta wa Daktari wa Meno

Wifi yangu hawezi kumchora mtu asiyempenda. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani ukoo wetu ulijitangaza mabarabarani kwa hiari yake. Amejaribu. Duka moja la dawa lilimtaka achore nesi mwenye tabasamu, akachora, na watu wakauliza kwa nini sufuria imevalishwa kofia. Lakini mtu aliyekula naye, aliyegombana naye au aliyemuuguza, atakutolea ukutani mpaka utake kumwamkia.

Ndiyo maana mji umejaa sura za nyumba yetu. Marehemu baba mkwe, mwalimu mkuu aliyestaafu kwa heshima zote, ananyolewa ndevu kwenye ukuta wa kinyozi. Mama mkwe anashona mlangoni kwa fundi cherehani. Shemeji yangu mkubwa, karani wa mahakama, amebeba tairi la lori begani, naye maishani mwake hajabeba hata mfuko wa sukari. Mtaani wifi yangu wanamwita Brashi. Huvaa suruali yenye madoa ya kila ukuta aliowahi kuugusa, hupanda ngazi akiimba, na akiulizwa binti wa mwalimu mkuu anafanya nini huko juu, hujibu, "Baba aliandika ubaoni maisha yake yote, na kila siku wakafuta. Yangu inakaa."

Mume wangu, kaka yake, Brashi alimchora mara nyingi enzi za uhai wake: anakunywa soda, anajaribu viatu, anapigwa picha studio akiwa na tai. Hizo sikuzipinga. Ila baada ya mazishi, bila kumuuliza mtu, alimchora tena nje ya kliniki ya meno, kwenye barabara ya kuingilia mtaani kwetu. Mkubwa kuliko mlango. Vifungo vya shati viko wazi hadi kifuani, shavu la kushoto limevimba kama ameficha limau zima, na macho yanalia na kucheka kwa pamoja. Chini yake yameandikwa maneno: USINGOJE UFIKE HAPA.

Nikawa napita njia ya nyuma, ile ya miguu. Kisha binti yangu akapata mchumba, na wazazi wa kijana wakasema wanakuja Jumamosi kujitambulisha. Watakuja na gari, na barabara ya gari ni moja tu.

Shemeji alifika kwangu amefura.

"Shemeji, watu wanakuja kuuona ukoo, halafu wa kwanza kuwapokea ni kaka na jino bovu? Kifua wazi kama katoka baa?"

"Aliyemchora ni dada yako, si wangu."

"Ni wifi yako. Na katika nyumba hii anayesikilizwa ni wewe."

Hilo lilikuwa kweli. Nikamwita Brashi, nikamwambia bila kuzunguka kwamba kabla ya Jumamosi ukuta ule uwe mweupe.

"Wifi, unataka nimzike kaka yangu mara ya pili?"

"Nataka wageni wamkute baba wa binti amejisitiri."

"Haya. Lakini twende wote. Nikiwa peke yangu mkono utagoma."

Asubuhi tukaenda, yeye na ndoo ya chokaa, mimi na mwavuli wangu. Daktari wa meno, kijana mwenye adabu zake, akatoka na glavu mikononi. "Shikamoo mama. Naomba mngoje kidogo wagonjwa wapungue, chokaa isije ikawarukia." Tukaketi kwenye benchi ng'ambo ya barabara. Sikuwa nimewahi kumtazama mume wangu yule kwa utulivu.

Akaja mwanamke aliyejifunga kitambaa kuanzia kidevuni hadi utosini. Kabla ya kuingia alisimama mbele ya ukuta, akaweka kiganja kwenye shavu lililovimba. "Pole, baba," akasema, kama anavyoambiwa mtu. Akaingia. Akafuata dereva wa lori, pande la mtu, ambaye alikuwa akiusogelea mlango na kurudi, akiusogelea na kurudi. Akamwona mume wangu, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Kumbe tuko wengi, mzee wangu." Naye akaligusa shavu, akaingia. Kisha mtoto wa kike aliyekuwa akipiga kelele za kuamsha mtaa akanyanyuliwa na baba yake hadi usawa wa uso. Akalipapasa lile shavu. Kilio kikashuka, kikawa kwikwi.

"Anaumwa?" akamuuliza baba yake.

"Anaumwa sana. Lakini mwone, anacheka."

Hapo ndipo nilipoona kwamba rangi ya shavuni imelika. Plasta ilikuwa inachungulia, laini, inang'aa kwa viganja vya watu. Watu wasiomjua, ambao hawakufika msibani, walikuwa bado wanampa pole mume wangu. Mimi nimesoma. Najua watu wa kale walichora wanyama mapangoni, na kwenye mtihani niliulizwa sababu, nikaandika: kupamba, kukumbuka, kufundisha. Nilipata alama zangu zote, na bado nasema majibu yale ni sahihi. Ila siku ile niliona kwa macho yangu picha ikimshika mtu mkono kwenye mlango wa maumivu, nikakosa pa kuliandika jibu hilo.

"Alikuwa hivi lini?" nikamuuliza Brashi.

"Siku alipoumwa jino lake la mwisho. Wewe ulikuwa umesafiri kusimamia mitihani. Kutwa nzima alilia, na kutwa nzima alinichekesha. Alipofariki, huyo ndiye aliyenijia. Yule wa tai ni wako, wifi. Huyu ni wangu."

Mtu wa heshima halii kwenye benchi la barabarani.

"Funika hiyo ndoo," nikasema baadaye. "Shavu limechakaa, litengeneze. Na shati afunge."

"Mwenye jino hafungi shati, wifi."

"Huyu atafunga. Ni mume wangu."

"Basi kifungo cha juu kibaki wazi. Apumue!"

"Kimoja tu."

Alirudi nyumbani kuchukua makopo yake ya rangi, akaanza na kijani.

"Kijani? Kwenye uso wa mume wangu?"

"Tulia, mama mwalimu. Ngozi ina kila kitu."

Akapaka zambarau, akapaka njano chafu, ovyo ovyo, kama anayefuta mikono ukutani. Kisha akapitisha kidole gumba mara moja, akarudi nyuma, na zile rangi zote zikawa shavu. Lina joto. Ungeapa jino linapwita ndani yake. Nilishika mwavuli kwa mikono miwili. Nimekaa na uso ule ndoa yangu yote, na sikuwa nimejua kwamba ndani yake mna kijani.

Jumamosi mchana simu ikaita. Wageni wamepotea. Shemeji akaninyooshea mkono nimpe simu, awape maelekezo yeye. "Waambie waache gari huko, waje kwa miguu njia ya nyuma," akaninong'oneza.

Nikamgeuzia mgongo.

"Njooni moja kwa moja," nikawaambia kwa sauti yangu ya darasani, "mpaka mumwone mwanamume mkubwa ukutani, shavu limevimba. Huyo ndiye baba wa binti. Mkishamsalimia, kateni kulia."